Miksa ya dijitali: tunayoambiana na yanayotokea kweli

Miksa ni mashine ya kuchanganya sauti za maiki na ala kabla hazijaenda kwenye spika. Mtu aliyezoea miksa ya analogi akisimama kwa mara ya kwanza mbele ya miksa ya dijitali, kinachomtisha ni upungufu. Kule alizoea uwanja mzima wa nobu, vifundo vya kuzungusha: chaneli 24, yaani njia 24 za maiki au ala, kila moja na safu yake ya nobu kumi na kitu. Hapa anakuta feda chache (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti), skrini moja na nobu za kuhesabika. Anauliza zile nyingine zimekwenda wapi, na yeyote aliye karibu humpa jibu. Nimefundisha vijana wengi kazi hii ya mitambo, na karibu wote walikuja na majibu hayohayo. Mengine ni uongo mtupu na huondoka haraka. Yanayosumbua ni yale yenye nusu ya ukweli ndani yake.

"Hiyo ni ya watu wa kompyuta"

Njia ya sauti ni ileile. Sauti huingia kwa maiki, hukuzwa na priampu (kikuza sauti cha mwanzo), hugeuzwa kuwa namba, hupita kwenye kichujio cha kukata mivumo ya chini, geti (hufunga sauti iliyo ndogo mno), kompresa (hubana sauti inapokuwa kubwa mno) na ekwalaiza (hupandisha au kushusha sauti za chini, za kati na za juu), ikafika kwenye feda. Kutoka hapo huenda kwenye spika kubwa, kwenye efekti kama mwangwi, au kwenye monita, spika za jukwaani ambazo wanamuziki hujisikia kwazo. Geti na kompresa, ambazo zamani zilikaa kwenye kabati la pembeni na kuungwa kwa waya, sasa zimo ndani ya kila chaneli. Aliyeijua njia hiyo kwenye analogi ameshaijua kwa sehemu kubwa.

Kilichobadilika ni kwamba seti moja ya nobu huhudumia chaneli zote kwa zamu. Unabonyeza kitufe cha SEL cha chaneli unayoitaka, na nobu zote zinakuwa zake mpaka uchague nyingine. Feda nazo zina kurasa: feda ya tatu inaweza kuwa chaneli ya 3, ukibadili ukurasa ikawa ya 19, na ukiingia kwenye hali ya kutengeneza monita ikawa kiasi cha sauti kinachopelekwa kwa mwanamuziki mmoja tu.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Swali la kujiuliza kila unaponyoosha mkono ni moja: nimeshika nini sasa hivi? Nalijua swali hili kwa sababu liliwahi kuniponyoka. Nilikuwa nimemtengenezea mwimbaji monita yake kwa feda, wimbo ukaanza, nikasahau kurudi kwenye ukurasa wa spika kubwa. Sauti yake ukumbini ilikuwa juu kidogo, nikaishusha feda yake. Ukumbini hakikubadilika kitu, nikashusha tena. Alipogeuka kunitazama huku kidole kimoja kimeziba sikio, ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa namwondolea sauti yake mwenyewe katikati ya ubeti. Tangu siku hiyo, nikimaliza kazi yoyote ya monita mkono wangu hurudi kwenye ukurasa mkuu kabla sijainua macho. Mwanafunzi namfundisha zoea hilo kabla sijamwonyesha kompresa iko wapi.

"Dijitali haipasuki, na ikipasuka utashusha feda"

Hili ndilo linaloharibu shughuli nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo nalikalia.

Priampu iliyo ndani ya miksa ya dijitali ni ya analogi. Inakuza umeme mdogo wa maiki kabla haujafika kwenye kigeuzi, na kigeuzi kina dari. Dari hiyo ni sifuri ya mita ya dijitali. Wimbi likifika pale hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Feda iko mbali sana mbele yake, kwa hiyo ukiishusha utapata sauti ileile iliyopasuka, ila ya chini.

Fundi wa analogi hukosea hapa kwa sababu ya uzoefu wake mzuri. Kwenye miksa yake, sifuri ya mita ilikuwa mahali pa kufanyia kazi, na juu yake kulibaki nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi kabla ya mambo kuharibika. Akija kwenye dijitali anatafuta sifuri, anaipata, na sauti inapasuka mkononi mwake. Hapa fanya kazi karibu na -18 kwa wastani, vilele viruke hadi -10 au -6, na nafasi iliyobaki uiachie ile mara moja ambapo mwimbaji atasogeza maiki mdomoni na kupaza kwa nguvu zake zote. Atafanya hivyo. Kwenye majaribio watu huimba kwa kujizuia, na ukumbi ukijaa watu waimbaji haohao wanaongeza desibeli kadhaa bila kujua.

Kuna wengine wanaoamini kinyume chake, kwamba lazima uisukume sauti karibu kabisa na dari ili "usipoteze biti". Biti ni tarakimu zinazotumika kuandika kila namba ya sauti, na ushauri huo ulikuwa na maana enzi za biti 16. Kila biti moja hutoa takriban desibeli 6, hivyo biti 24 zina upana wa kinadharia wa desibeli 144, ambao hakuna priampu wala ukumbi unaoweza kuumaliza. Ukifanya kazi kwenye -18 hujapoteza chochote kitakachosikika.

Jambo la pili kuhusu geini, yaani kiasi ambacho priampu inakuza sauti, wengi hawaambiwi kabisa. Geini iko mwanzoni mwa njia, kwa hiyo kila kinachochota sauti kutoka kwenye chaneli hiyo huguswa nayo. Tuseme maiki ya mwimbaji mkuu inakwenda kwenye monita sita, kwenye spika kubwa na kwenye rekodi. Ukiongeza desibeli 4 za geini katikati ya wimbo, umeziongeza kote huko, na monita moja iliyokuwa ukingoni itaanza kulia. Umeisukuma pia kwa nguvu zaidi kwenye kompresa na geti, na zote mbili zitaanza kufanya kazi tofauti na ulivyozipanga. Geini ipangwe kwenye majaribio kisha iachwe, na ukumbini tumia feda.

"Ina akili, itazuia maiki kulia"

Maiki hulia pale sauti yake inapotoka kwenye spika, ikarudi kwenye maiki ileile na kuingia tena ikiwa na nguvu ileile au zaidi. Duara hilo liko hewani, kati ya spika na maiki, na miksa haiwezi kufika huko. Inachoweza ni kukata masafa fulani ya sauti, ya chini au ya juu, na baadhi ya miksa hufanya hivyo zenyewe. Lakini kila kipande kinachokatwa kinatoka kwenye sauti ya mwimbaji. Nimewahi kurithi miksa ambayo ekwalaiza ya spika kubwa ilikuwa imechimbwa mashimo kumi na mawili. Maiki hazikulia, ila kila aliyezungumza alisikika kama yuko ndani ya pipa.

Niliyarudisha yote sifuri nikaenda jukwaani. Monita ilikuwa imewekwa ubavuni mwa mwimbaji. Maiki za kawaida za mkononi husikia vibaya zaidi nyuma yake, kwa hiyo monita iliyo mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki, ina nafasi kubwa zaidi ya kupandishwa. Tuliisogeza. Tulimwomba pia aache kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa sababu ukiziba matundu ya nyuma ya kichwa hicho unaifanya isikie pande zote. Kisha tulifunga maiki nne ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia. Idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka mara mbili, nafasi yako kabla ya kulia hupungua kwa desibeli 3 hivi, na kwenye miksa ya dijitali kuzifunga kwa kundi ni kitufe kimoja. Baada ya hapo tulikata masafa mawili tu.

"Nikishahifadhi mipangilio, kazi imekwisha"

Kumbukumbu ndiyo zawadi kubwa ya mashine hizi. Unapanga bendi nzima, unahifadhi sini, yaani picha ya mipangilio yote ya wakati huo, na wiki ijayo unaiita kwa kubonyeza. Majina ya chaneli, njia za waya, kompresa, efekti, vyote vinarudi. Lakini ekwalaiza uliyoitengeneza kwa ukumbi wenye kuta za saruji haijui kwamba leo uko kwenye hema. Ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa watu ni vyumba viwili tofauti, kwa sababu miili na nguo hufyonza sauti, hasa ya juu. Sini ni mahali pa kuanzia, basi.

Tena inaweza kukuumiza. Ukiita sini ya wimbo wa pili uliyoihifadhi kabla ya majaribio, itarudisha pia geini za zamani na hata kuzima umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maiki za kondensa, na marekebisho yote ya mchana yatapotea mbele ya watu. Miksa nyingi hukuruhusu kuchagua vitu ambavyo kuita sini hakutavigusa. Weka geini humo kabla ya kitu kingine. Na hifadhi kwa jina lenye tarehe, si "mpya" na "mpya2".

"Inachelewesha sauti"

Kweli inachelewesha, kwa milisekunde 1 hadi 3 kwenye miksa nyingi. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni sawa na kurudi nyuma kwa hatua moja mbali na spika. Ukumbini hakuna atakayeujua. Anayeweza kuuhisi ni mwimbaji mwenye monita za masikioni, kwa sababu sauti yake anaisikia mara mbili, mara moja kupitia mifupa ya kichwa na mara nyingine kupitia masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Zinapokutana rangi ya sauti hubadilika. Maiki isiyo na waya ya dijitali na efekti ya nje huongeza milisekunde zao juu ya zile za miksa. Akilalamika kwamba sauti yake "ina utupu", msikilize.

"Wi-Fi ikikatika, sauti inakatika"

Haikatiki. Miksa nyingi huendeshwa pia kwa kishikwambi kupitia Wi-Fi, lakini sauti haipiti humo, kile ni rimoti tu. Mtandao ukipotea, miksa inaendelea na mipangilio ya mwisho, ila wewe huwezi kuigusa, na kama miksa yenyewe haina feda hali hiyo ni mbaya vya kutosha. Tumia masafa ya 5 GHz, inua antena juu ya vichwa vya watu, weka nywila, na uwe na kompyuta iliyoungwa kwa waya pembeni.

Ninalolihofia mimi ni umeme. Miksa ya analogi ikizimika na kuwashwa, inaanza kupitisha sauti papo hapo. Ya dijitali inapaswa kuamka kama kompyuta, na ukimya huo mbele ya umati ni mrefu. Weka betri ya dharura kwa miksa na kwa kisanduku cha jukwaani, kile kinachochomekwa waya za maiki, pia, wengi husahau hicho cha pili.

"Waya wowote wa mtandao unafaa"

Kisanduku cha jukwaani huungwa kwa waya unaofanana na wa intaneti, ndiyo sababu watu huchukua wowote. AES50, mfumo unaotumika kwenye miksa kama Behringer X32 iliyotoka mwaka 2012, hupitisha chaneli 48 kila upande kwa waya mmoja wa hadi mita 100. Lakini haupiti kwenye swichi za kawaida za mtandao, na unataka waya wenye kinga na vichwa vya chuma, la sivyo umeme tuli wa mtu anayekanyaga zulia unaweza kukata sauti ghafla. Dante, mfumo mwingine wa kupitisha sauti kwa waya wa mtandao, hupita kwenye swichi bila shida. Vyovyote iwavyo, vifaa viwili vifuate saa moja ya ndani, yaani mapigo yaleyale ya kuhesabia namba za sauti. Ukisikia milio midogo ya "tik, tik" isiyo na mpangilio, angalia saa hiyo kabla hujabadilisha maiki.

"Huwezi kujifunza mpaka uwe na mashine"

Watengenezaji wengi hutoa bure programu ya kuiendesha miksa kutoka kwenye kompyuta, na nyingi hufunguka hata pasipo miksa. Hutasikia sauti, lakini kurasa, vitufe na njia zote zimo. Mwanafunzi wangu nampa kazi moja ya kurudia: chaneli ya 1, ipe jina, kata mivumo ya chini kwenye 100 Hz, ipeleke kwenye monita ya 3 kabla ya feda, ipeleke kwenye riva (efekti ya mwangwi) baada ya feda, hifadhi sini, futa yote, anza tena. Siku ya kwanza humchukua dakika kumi. Akiifanya kwa dakika moja bila kutafuta kitufe, namruhusu kukaa na bendi.