Aliinamisha Kichwa, Nikaandika Sonona

Mtoto wa miaka 9 aliletwa kwenye chumba changu cha kazi na mwalimu wake wa darasa. Alipofika mbele ya meza alisimama, akainamisha kichwa, akanyamaza. Nikamwambia akae. Hakukaa. Mwalimu akanitupia jicho la "si nilikwambia?" Barua ya rufaa ilisema haongei darasani, hamtazami mtu usoni, hachezi na wenzake. Nami, na vyeti vyangu vyote ukutani, nikaandika kwenye faili: dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, achunguzwe zaidi.

Mtoto yule alikuwa ananisalimia. Kwa Wamasai mtoto hampi mkubwa mkono, humpa kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Usipomgusa, salamu bado iko hewani. Alisimama pale akingoja mkono wangu, na mkono haukuja. Aliyenifumbua macho ni mlinzi wa getini kwetu, Mmasai wa Kiteto, aliyeona yote kupitia mlango uliobaki wazi. (Ndiyo, mlango ulibaki wazi wakati mtoto anahojiwa. Hilo nalo ni kosa.) Kisa hiki nimekichanganya na vya familia nyingine mbili ili mtoto asitambulike, lakini ujinga ulikuwa wangu mtupu.

Dar es Salaam ina ugonjwa wa kudhani sote ni wamoja kwa sababu sote tunaongea Kiswahili. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120, na kila moja ina namna yake ya kumlea mtoto, kumfariji na kumnyamazisha. Hata Mzaramo, mwenyeji wa ardhi hii tuliyojengea maghorofa, ana mambo yake ya mwali ambayo muuguzi aliyekulia Kagera hawezi kuyabahatisha. Lakini wanaoumia zaidi na dhana hiyo ni watoto wa jamii ambazo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inazihesabu miongoni mwa watu wa asili: Wamasai, Wabarbaig, Wahadzabe, Waakie. Serikali yetu husema Waafrika wote ni wa asili, na mjadala huo siuingii leo. Kwa mtoto aliyepanga na wazazi wake chumba kimoja karibu na Pugu Mnadani, baba akilinda usiku na kusuka nywele mchana, mama akiuza shanga, jina la kundi halimsaidii kulala. Kinachomhusu ni ibara ya 30 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991: mtoto wa jamii ya asili asinyimwe utamaduni wake, dini yake wala lugha yake.

Fani yetu ina neno kwa jambo hili: usalama wa kitamaduni, yaani mtu ahudumiwe bila utamaduni wake kudharauliwa. Lilitoka New Zealand. Mwaka 1988, kwenye mkutano wa Wamaori waliokuwa katika uuguzi, mwanafunzi mmoja alihoji kwa nini wanafundishwa usalama wa kila aina isipokuwa wa utamaduni. Muuguzi wa Kimaori, Irihapeti Ramsden, akalishika swali hilo hadi likaingia kwenye mafunzo ya wauguzi wa nchi nzima. Hoja yake ilikuwa na makali ambayo sisi wataalamu hatuyapendi: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Mimi naweza kujisifu kuwa niliwapokea vizuri. Mama akitoka pale akiwa amedhalilika, sikuwapokea.

Tukipuuza hilo, mwisho wake tunaujua. Kanada iliwachukua watoto wapatao 150,000 wa jamii za asili ikawaweka katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ikaita mpango ule mauaji ya kimbari ya kitamaduni. Wengi wa waliowachukua watoto wale waliamini wanawasaidia. Nalikumbuka hilo kila ninapomsikia mwenzangu akisema mtoto fulani "atolewe kwenye mazingira yale" kwa sababu tu wanalala saba chumbani na mama wa kumzaa haonekani.

Nchi hiyohiyo imetupa pia upande wa pili. Mwaka 1998 watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha uchunguzi wa jamii za asili karibu 200 za jimbo la British Columbia, wakitazama vijana waliojiua. Hawakuuliza nani ana huzuni. Waliuliza jamii ipi inaendesha shule zake, huduma zake za afya, uongozi wake, polisi na zimamoto wake, ipi imedai ardhi yake, ipi ina jengo la mambo yake ya utamaduni. Jamii zilizokuwa na vyote sita hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo katika miaka mitano iliyochunguzwa. Zilizokosa vyote ndizo zilizozika wengi.

Hapa kwetu kazi huanzia kwenye maswali. "Mama yako yuko wapi?" ni swali baya kwa mtoto wa boma lenye wake wenza. Atajibu "nyumbani", akimaanisha mke mwenza anayemlea Chanika, huku aliyemzaa yuko Simanjiro. Nawe utaandika kwamba mtoto anadanganya au amechanganyikiwa. Muulize jana usiku alilala karibu na nani, nani alimpa uji asubuhi, akiumwa tumbo humwamsha nani. Mara nyingi jibu ni koko, yaani bibi. Basi koko ndiye wa kuitwa kwenye kikao, hata kama fomu ina nafasi ya "mzazi" peke yake.

Fomu zenyewe zina mitego. Kuna familia za Kimasai ambazo hazitamki jina la marehemu. Ukimshikilia mtoto aliyefiwa akutajie jina la baba yake, unamlazimisha kuvunja mwiko mbele ya mgeni, kisha unashangaa kwa nini amegoma kuongea.

Na mkalimani. Msimfanye mtoto awe mkalimani wa mama yake. Atasikia yasiyomhusu na atayabeba. Wala msimkamate mwanamume yeyote wa Kimasai anayepita koridoni. Mwanamume wa rika la baba ni baba kwa binti yule, na mambo ya mwili wake hawezi kuyasema mbele yake. Tafuteni mwanamke, na aulizwe binti mwenyewe kama anamtaka.

Maneno nayo yana nyumba zake. Mama hatakuja akisema mwanawe ana sonona. Atasema ana mawazo, moyo mzito, halali. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare kusikiliza watu kwenye benchi, walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni jirani kabisa wa neno letu "mawazo". Anza na neno la mama, la kitabu litafuata kama likihitajika.

Walimu, kuna suala la utani. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani, na kila mmoja anajua atarudishiwa. Mtoto mmoja katikati ya darasa lililofurika, anayeitwa "Yero", jina ambalo watu wa mjini humbandika Mmasai yeyote, tangu mstarini asubuhi hadi kengele ya kutoka, hana wa kumrudishia. Hiyo ni dhihaka, na mwalimu anayecheka nao ameipigia muhuri.

Najua nitaulizwa kuhusu ukeketaji. Jibu ni fupi. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu mwaka 1998, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mila yoyote inayomdhuru mtoto mwili au akili. Kuheshimu utamaduni hakufuti hilo. Na wanawake wa Kimasai wanaopinga ukeketaji ni wengi kuliko tunavyodhani mjini.

Mtoto akiwa hali, halali, amejikunja kwa wiki mbili au zaidi, au akisema heri asingekuwepo, usingoje. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au hospitali za Amana, Temeke, Mwananyamala, au Muhimbili. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Kama kuna anayempiga au kumchezea, dawati la jinsia na watoto lipo polisi.

Yule mtoto alirudi wiki iliyofuata. Nilisimama mlangoni, nikaweka mkono utosini, nikafunga mlango. Akakaa. Hakusema kitu siku hiyo, wala ya pili. Siku ya tatu aliniambia kwamba ng'ombe wa babu yake walikufa kwa ukame, na kwamba shuleni wanamwita Yero. Nikamuuliza lipi kati ya hayo linamnyima usingizi. Akafikiri kidogo.

Ng'ombe, alisema, baba atanunua wengine.