Seli za saratani hazioti kama magugu

Dhana: Seli ya saratani haifi, kwa hiyo kuikuza maabarani ni rahisi.

Laiti ingekuwa hivyo. Kipande cha uvimbe kikitoka chumba cha upasuaji hukatwakatwa kwa wembe mpaka kiwe punje punje, huwekwa vimeng'enya vya kulegeza seli zilizoshikamana, kisha seli hizo huingizwa kwenye chupa yenye virutubisho, ndani ya kabati la nyuzi joto 37 na kaboni dioksidi asilimia 5. Baada ya siku kadhaa chupa imejaa seli nyembamba ndefu, zimelala upande mmoja kama kundi la dagaa. Mgeni wa kazi hushangilia. Mzoefu huguna tu, maana hizo ni faibroblasti, seli za kawaida zilizokuja na kipande kile. Zimetanda chupa nzima, na za saratani, zilizokusudiwa, zimekufa au zimebanwa pembeni.

Imani hii imechangiwa na seli za HeLa, zilizotolewa Baltimore mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks. Zile huongezeka maradufu kwa takriban saa 24. Ila George Gey, aliyezikuza, alikuwa amehangaika miaka mingi na sampuli za wengine zikimfia. (Lacks hakuombwa ruhusa, leo idhini ya mgonjwa ndiyo hutangulia.)

Dhana: Kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo.

Seli ziitwazo MDA-MB-435 zilitumika miaka mingi kama saratani ya matiti. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni melanoma, saratani ya ngozi. Ndiyo maana seli hulinganishwa na damu ya mgonjwa mwenyewe. Lebo pekee haitoshi.

Dhana: Uvimbe wote umehamia maabarani.

Umehamia kwa sehemu. Oganoidi, vijidonge vya seli vinavyokuzwa ndani ya jeli, hufanana na uvimbe kuliko seli zilizotandazwa juu ya plastiki. Hata hivyo, kwa kawaida hazina mishipa ya damu wala askari wa kinga. Dawa inayoamsha kinga utaipimaje hapo?

Dhana: Seli zangu zikikuzwa, nitachaguliwa dawa mara moja.

Wakati mwingine oganoidi hudokeza ni dawa ipi haitamfaa mgonjwa. Lakini kuzikuza na kuzijaribu huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi matibabu huwa yameshaanza.