Ichkeria: dola iliyotambuliwa na wasio na cha kupoteza

Waliowahi kuitambua Chechnya, eneo la kusini mwa Urusi ambalo wapigania uhuru wake waliliita Ichkeria, kuwa nchi huru ni wachache mno. Wa kwanza, mwaka 1992, alikuwa Zviad Gamsakhurdia, rais wa Georgia ambaye wakati huo alikuwa ameshapinduliwa na anaishi kwa hifadhi Grozny kwenyewe, mji mkuu wa Chechnya. Januari 2000 wakaja Wataliban wa Afghanistan, ambao nao walikuwa wakitambuliwa na nchi tatu tu. Kisha Bunge la Ukraine, Oktoba 2022, miezi minane baada ya majeshi ya Urusi kuivamia nchi hiyo. Kati yao hakuna aliyekuwa na urafiki na Moscow wa kuuhofia.

Somo langu ni sheria ya kimataifa, na kila nikifika kwenye mada ya kutambuliwa kwa dola, wanafunzi hutaka tuzungumzie Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria. Ni haki yao, maana Tanzania ya Nyerere iliitambua Biafra Aprili 1968, ikabaki kulaumiwa na wenzake wengi wa Afrika. Ichkeria haikumpata Nyerere wake. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni mahali ilipowekwa katika ngazi za utawala za Kisovieti.

Katiba ya Kisovieti ya mwaka 1977, ibara ya 72, iliipa kila jamhuri ya muungano haki ya kujitoa. Jamhuri hizo zilikuwa 15. Checheno-Ingushetia, yaani Chechnya pamoja na jirani yake Ingushetia, haikuwamo: ilikuwa jamhuri yenye mamlaka ya ndani, iliyowekwa chini ya Urusi. Sensa ya mwaka 1989 iliihesabia watu wapatao milioni 1.27. Estonia ilikuwa na milioni 1.57. Tofauti ya watu si kubwa, ila Estonia ilikuwa miongoni mwa zile 15.

Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Wachechnya waliodai uhuru, aliijua Estonia vizuri. Akiwa meja jenerali wa Jeshi la Anga la Kisovieti, aliongoza kikosi cha ndege za mabomu mjini Tartu, akaona jinsi Waestonia walivyodai nchi yao. Tarehe 6 Septemba 1991 Moscow ilikubali rasmi uhuru wa Estonia, Latvia na Lithuania. Siku hiyohiyo, mjini Grozny, walinzi wa Dudayev walilivamia bunge la zamani. Estonia iliingia Umoja wa Mataifa kabla ya mwezi kwisha. Dudayev alichaguliwa rais Oktoba, akatangaza uhuru tarehe 1 Novemba, na dunia ikanyamaza.

Hoja ya Wachechnya haikuwa ya katiba peke yake. Februari 1944 Stalin aliwapakia kwenye mabehewa Wachechnya na Waingushi, karibu nusu milioni, akawapeleka Kazakhstan na Kirgizia. Dudayev alizaliwa mwaka huohuo, akakulia uhamishoni. Ruhusa ya kurudi ilikuja 1957. Lakini wanasheria waliokuwa wakiugawa muungano walitazama mipaka ya zile jamhuri 15 tu. Sisi Waafrika tunaijua kanuni hiyo ya kubaki na mipaka iliyorithiwa: viongozi wetu waliikubali Cairo mwaka 1964.

Urusi iliingia kijeshi Desemba 1994. Dudayev aliuawa kwa kombora Aprili 1996, na Agosti wapiganaji wake wakaikomboa Grozny. Mkataba wa Khasavyurt, uliosimamisha vita hivyo, ukaahirisha suala la hadhi ya Chechnya hadi mwisho wa 2001.

Waraka ninaoupa uzito zaidi ni ule wa tarehe 12 Mei 1997. Boris Yeltsin na Aslan Maskhadov, rais aliyechaguliwa Januari mbele ya waangalizi wa OSCE (Shirika la Usalama na Ushirikiano barani Ulaya), walitia saini Kremlin mkataba wa amani unaoitaja kwa jina "Jamhuri ya Chechnya ya Ichkeria", na kuahidi uhusiano unaofuata kanuni za sheria ya kimataifa. Wapo wanaosema hapo Moscow iliitambua. Mimi siamini: huwezi kuahirisha swali na kulijibu kwa wakati mmoja. Ila hapo ndipo Ichkeria ilipokaribia kabisa.

Maskhadov hakuweza kuitawala nchi. Utekaji nyara uligeuka biashara. Mwaka 1998 wahandisi wanne wa simu, Waingereza watatu na raia wa New Zealand, walikatwa vichwa. Agosti 1999 kamanda wa Kichechnya Shamil Basayev aliivamia Dagestan, jamhuri jirani iliyo ndani ya Urusi, bila idhini ya rais wake, na vita vya pili vikafuata. Maskhadov aliuawa Machi 2005.

Aliyeifuta Ichkeria hakuwa Mrusi. Oktoba 2007 Dokka Umarov, aliyekuwa rais wake wa chinichini, alitangaza Emirati ya Kaukazi, dola ya Kiislamu, na kuitupa jamhuri. Akhmed Zakayev, akiwa London, alikataa, akaendelea kama waziri mkuu wa uhamishoni. Grozny kwenyewe anatawala Ramzan Kadyrov, kwa hisani ya Moscow. Baba yake, Akhmat, ndiye aliyekuwa mufti wa Ichkeria na kutangaza jihadi dhidi ya Urusi katika vita vya kwanza.