Fedha za serikali kwa ubunifu wa madini mkakati: maana yake, na Mzanzibari anaingilia wapi

Serikali inapotenga fedha kwa ubunifu wa madini mkakati, inagharimia njia mpya: njia mpya ya kuyagundua madini yalipo, kuyachimba, kuyasafisha, au kuyatoa tena kwenye vifaa vilivyokwisha kazi. Barabara ya kwenda mgodini haimo humo, wala mshahara wa ofisa wa madini. Mkemia anayejaribu kusafisha kinywe (grafiti, yale madini meusi ya ndani ya penseli) bila ya asidi hatari yumo, na kiwanda cha kwanza kitakachothubutu kuitumia njia yake nacho kimo.

Madini huitwa mkakati, au muhimu, pale mambo mawili yanapokutana: uchumi unayahitaji sana, na yanakotoka ni pachache. Kila nchi ina orodha yake. Ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuwa na madini 50; ya Umoja wa Ulaya ina 34. Nikeli, kobalti, lithiamu, kinywe na yale madini adimu ya kutengenezea sumaku yamo kote kuwili. Dhahabu, pamoja na heshima yake yote, haimo.

Sisi wa visiwani tunayatumia kila siku. Fundi simu wa Darajani akitoa betri iliyovimba, ndani ya ule mfuko wa rangi ya fedha mna utepe mrefu wa shaba, mwembamba mno, uliopakwa unga mweusi na kuviringishwa pamoja na utepe mwingine wa alumini. Unga ulio juu ya shaba ni kinywe. Ule wa juu ya alumini una lithiamu, na kwenye simu mara nyingi una kobalti. (Betri ya namna hiyo isitobolewe, inawaka moto.) Betri kubwa za lithiamu za sola zinazofungwa mahotelini, hata zile zisizo na kobalti, kinywe zinacho.

Kinywe hicho kinafaa kuelezea shughuli nzima. Tanzania Bara inacho kingi, Mahenge wilayani Ulanga na Ruangwa mkoani Lindi. Mwamba ukitoka ardhini huwa na kinywe sehemu ndogo tu. Husagwa, ukachanganywa na maji na dawa mpaka kinywe kikaelea na povu, kikaenguliwa na kukaushwa. Hayo ndiyo makinikia yake, usafi wake kama asilimia 95. Betri haikubali hapo. Inataka asilimia 99.95, na tena chembe zake zisuguliwe mpaka ziwe za mviringo. Katika kusuguliwa huko, nusu ya mzigo au zaidi hugeuka vumbi lisilofaa kwa betri. Pesa ziko kwenye hizo asilimia za mwisho, na sumu iko hapo hapo, kwa sababu njia iliyozoeleka hutumia asidi ya haidrofloriki, inayokula kioo na ikimgusa mtu hupenya ngozi hadi kwenye mfupa. Zaidi ya asilimia 90 ya kazi hii duniani hufanyika China. Atakayepata njia nyingine, ya joto kali au ya kemikali zisizoua, ikafikia usafi uleule kwa gharama inayokaribiana, atakuwa amezifungulia mlango nchi zote zenye mwamba huo.

Basi kwa nini asiende benki? Benki hukopesha kitu kilichokwisha kuonekana kinafanya kazi. Njia iliyofaulu kwenye chupa za maabara haijulikani itafanya nini ikipewa maelfu ya tani kwa mwaka: pampu huziba, mabomba huliwa, bili ya umeme huzidi hesabu. Ili kujua, lazima kijengwe kiwanda cha majaribio, na hicho kinakula mamilioni ya dola bila ya kuuza hata kilo moja. Chuo kikuu hakina pesa hizo, na mwekezaji huona bado ni mapema. Juu ya hayo kuna bei. Lithiamu iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 baina ya mwisho wa 2022 na 2024. Kampuni changa iliyopiga hesabu zake kwa bei ya 2022 isingeweza kusimama. Fedha za umma huingia kwenye pengo hilo, baina ya maabara na kiwanda.

Waliolielewa mapema ni Wajapani. Mwaka 2010, baada ya mzozo wa baharini na China, shehena za madini adimu kuelekea Japani zilikwama. Mwaka uliofuata shirika la serikali ya Japani, JOGMEC, pamoja na kampuni ya Sojitz, waliipatia kampuni ya Lynas ya Australia dola milioni 250. Leo Lynas inachimba Australia, inasafisha Malaysia, na Japani ina pa kununua. Wengine walichelewa, na China ilipoweka masharti ya kusafirisha aina saba za madini adimu Aprili 2025, viwanda vya magari katika nchi kadhaa vilihaha.

Fedha zenyewe hutoka kwa sura nyingi. Ruzuku hairejeshwi, lakini mara nyingi mwombaji hutakiwa kuchangia: Wizara ya Nishati ya Marekani kwa kawaida hudai asilimia 20 ya gharama kwa utafiti, na asilimia 50 ikiwa ni mradi wa kuonesha kwamba njia inafanya kazi kiwandani. Mkopo hurejeshwa. Mwaka 2022 wizara hiyo hiyo iliikopesha kampuni ya Syrah kiasi cha dola milioni 102 kupanua kiwanda cha kinywe huko Vidalia, Louisiana. Mwamba unatoka Balama, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ambalo mji wake mkuu unaitwa Pemba kama kisiwa chetu. Mwafrika anachimba, na ile asilimia ya mwisho yenye pesa inakwenda kufanyika ng'ambo kwa mkopo wa serikali ya huko. Siwalaumu Wamarekani, wamefanya lililo na faida kwao. Ila linaumiza, na nadhani ni haki liumize.

Sura nyingine ni nafuu ya kodi. Australia imepitisha kwamba kuanzia Julai 2027 atakayesafisha madini haya nchini humo atarejeshewa asilimia 10 ya gharama zinazohusika. Halafu kuna bei ya chini iliyodhaminiwa. Julai 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliingia mkataba na MP Materials, wenye mgodi wa Mountain Pass huko California, kwamba kwa miaka 10 kilo moja ya madini yao ya sumaku, neodimiamu na praseodimiamu, haitashuka chini ya dola 110. Soko likishuka, serikali inafidia. Mkulima wa Wete au Mkoani halimpi taabu kulielewa hili. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, likishatangaza bei, mtu anajua akiwalipa wachumaji na waanikaji atabaki na nini, hata soko la nje liyumbe vipi.

Katika mkataba huo huo serikali ya Marekani ilinunua hisa za dola milioni 400, ikawa mwenye hisa mkubwa kuliko wote. Hapo pana jambo ambalo wananchi tunapaswa kuliuliza kila siku: pesa yetu ikifanikiwa, sisi tunapata nini? Ubunifu una hasara zake. Kampuni ya sola ya Solyndra ilidhaminiwa mkopo wa dola milioni 535 na serikali ya Marekani mwaka 2009, ikafilisika 2011, na hasara ikabaki kwa walipa kodi. Hasara za namna hiyo ni sehemu ya kazi na hazikwepeki zote. Kisichokubalika ni umma kubeba hasara zote na faida kuwaachia wengine. Tanzania Bara imelijibu swali hilo upande wa uchimbaji: Sheria ya Madini ya 2010, ilivyorekebishwa 2017, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila ya kulipia, kama ilivyo kwa Tembo Nickel inayoshughulikia nikeli ya Kabanga, Ngara. Marekebisho hayo yalikuja mwaka uleule wa makontena 277 ya makinikia ya dhahabu na shaba yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, tukio lililomfanya kila mtu ajue kwamba aliye na mtambo wa kusafisha ndiye anayejua mlichomuuzia.

Sasa Mzanzibari anaingilia wapi? Nikeli na kinywe si mambo ya Muungano. Lakini elimu ya juu na utafiti vimo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Katiba. Kwa hiyo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, pamoja na mfuko wake wa MTUSATE, ni yetu sote. Mwanafunzi wa kemia wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au fundi aliyetoka Taasisi ya Karume pale Mbweni anaweza kuomba fedha za kusafisha kinywe cha Mahenge bila ya kuwa na mgodi mlangoni kwake. Ujuzi wa kuanzia upo pia: kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinatoa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa mvuke, na anayejua kuhudumia mitambo ya mvuke na mabomba yanayoliwa ana ufundi ambao kiwanda cha kusafisha madini kinautafuta.

Nina rai moja zaidi. Kwa mizani ile ile ya kuhitajika sana na kupatikana pachache, mchanga wa ujenzi ungestahili kuwa wa kwanza katika orodha yetu wenyewe ya Unguja. Tunajenga kwa kasi, mashimo ya kaskazini yanazidi kupanuka, na ardhi ya kilimo inakwenda nayo. Ruzuku ya kutafuta mchanga mbadala, wa mawe yaliyosagwa kwa mfano, uliopimwa vizuri nguvu zake ukiwa ndani ya zege, ni ubunifu wa madini kamili hata kama hakuna betri inayouhitaji.

Atakayepata fedha hizi ajue jambo moja la kisheria ambalo wengi huligundua wameshachelewa. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi juu ya ugunduzi wake, si jambo la Muungano. Ukisajili ugunduzi wako BRELA, wakala wa usajili wa Bara, umelindwa Bara tu. Zanzibar unasajili kwa BPRA, wakala wa usajili wa huku, chini ya sheria yake ya mali za viwandani ya 2008. Na kabla ya yote hayo, soma mkataba wa ruzuku uone ugunduzi utakuwa wa nani: wako, wa chuo, au wa mfadhili.