Miksi ni nini? Kutoka duara la waimbaji hadi chumba cha kurekodia

Miksi ni kazi ya kuzipanga sauti zilizorekodiwa mbalimbali mpaka zisikike kuwa wimbo mmoja. Umerekodi gitaa, ukarekodi sauti ya kuongoza, ukarekodi waitikiaji, na kila kimoja kimekaa kwenye mstari wake ndani ya kompyuta. Mstari huo ndio watu wa studio wanauita treki. Ukizicheza treki zote kwa pamoja bila kugusa chochote, mara nyingi unapata vurugu tupu: gitaa limeifunika sauti, waitikiaji wamezama, ngoma inasikika kama iko nyumba ya tatu. Kumiksi ni kuamua nani awe mbele, nani akae nyuma, nani aende kulia au kushoto, na kila mmoja aachiwe nafasi kiasi gani.

Watu huchanganya mambo matatu hapa. Kurekodi ni kuinasa sauti. Kumiksi ni kuzipanga sauti zilizonaswa. Kumasta ni hatua ya mwisho, pale wimbo uliokwisha kumiksiwa na kuwa faili moja unaponyooshwa kidogo na kupandishwa kiwango ili usikike sawasawa kwenye simu, redioni na kwenye spika za ukumbini. Anayekuambia gitaa ambalo halikutyuniwa litarekebishwa kwenye kumasta anakupotezea muda. Hata kwenye miksi litakusumbua.

Tuchukue mfano wa kava, yaani wimbo uliokuwepo ambao unauimba upya kwa namna yako. Unataka kufanya kava ya wimbo wa asili wa Kihehe, zile nyimbo za harusini na za kwenye ulanzi zinazoimbwa Kalenga, Kilolo au Ismani. Una chumba kimoja Kihesa, mjini Iringa, una kompyuta mpakato, maiki moja, kisanduku cha kuunganishia maiki na kompyuta, na programu ya bure kama Audacity. Vinatosha.

Msimamo wangu ni huu: wimbo wa namna hiyo huja na miksi yake. Angalia watu wanavyosimama wanapoimba. Kiongozi anaanzisha, yuko mbele au katikati ya duara, na sauti yake ni moja tu. Waitikiaji wako wengi, wamemzunguka, na wanapokea kabla hajamaliza neno la mwisho, hivyo sauti zinapandana kidogo. Mwenye chombo amekaa chini, karibu na kiongozi. Vigelegele vinatoka pembeni na havikai muda mrefu. Hakuna aliyeshika kitufe, lakini kila mtu anasikika, kwa sababu umbali, idadi ya watu na zamu za kuimba vimeshafanya kazi ambayo fundi anaifanya kwa kompyuta. Ukiimiksi kava yako bila kuujua mpangilio huo, utapata wimbo mzuri pengine, lakini utakuwa na umbo la bongo fleva: sauti moja kubwa mbele, wengine wote ni mapambo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akinasa muziki, alipita Tanganyika na kurekodi makabila mengi, Wahehe wakiwemo. Treki nyingi za kuchezea baadaye hakuwa nazo. Alikuwa na desturi ya kuishika maiki mkononi na kuisogeza: kwa mwimbaji anapoanza, kwa chombo kinapojibu, kisha nyuma kidogo kundi likipokea. Hiyo ilikuwa miksi, ila ilifanyika papo hapo na haikuwa na kurudia. Rekodi zake ziko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 nazo zilipangwa kwa umbali: wanamuziki walipiga pamoja chumba kimoja, maiki chache, na nani akae wapi lilikuwa swali la kwanza.

Sisi tunaorekodi nyumbani tunapata nafasi ya kuamua baadaye, na nafasi hiyo ina mitego yake.

Mtego wa kwanza uko juu ya kichwa chako. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili mvua za Iringa na Mbeya zikipiga bati huwezi kurekodi chochote, na hakuna kifaa cha kumiksi kitakachoutoa mlio wa mvua ukabaki na sauti ya mtu iliyo nzima. Hata kiangazi bati lenyewe hulia: jua la asubuhi likilipasha linatanuka na kugonga misumari, jioni baridi ikiingia linajikunja na kugonga tena. Kwenye nyanda hizi, ambako Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, tofauti ya joto la mchana na la usiku ni kubwa, na milio hiyo utaisikia kwenye treki tulivu. Saa nne usiku, bati likishapoa na bodaboda zikipungua, ndiyo saa nzuri. Tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji na simamisha godoro ukutani. Trei za mayai zinapendeza kwenye picha tu. Hazinyonyi sauti ya maana, hasa ile nzito.

Mtego wa pili ni kiwango. Kwenye kompyuta sauti hupimwa kwa desibeli kushuka kutoka sifuri, na sifuri ndiyo dari. Ikigonga dari inakatwa kichwa, unasikia mkwaruzo, na mkwaruzo huo hautoki. Rekodi kwa biti 24 (unachagua hivyo kwenye mipangilio ya programu), acha sauti ya kawaida icheze kati ya -18 na -12, na usiogope kwamba inaonekana ndogo. Kuiongeza baadaye ni rahisi.

Sasa chombo. Ligombo la Wahehe ni ubao uliochimbwa kama mtumbwi mwembamba, uzi ukipitishwa kwenda na kurudi juu yake, na kibuyu kikifungwa cha kukuza sauti. Sauti yake ni ndogo na tamu, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Wakiisogeza maiki hadi mdomoni mwa kibuyu wanapata mvumo mzito usio na noti, wakiiweka kwenye nyuzi tu wanapata mlio mkavu wa kucha. Anza kwenye sentimita 30 hivi, ukielekeza maiki katikati ya ubao, kisha sogeza kidogo kidogo ukiwa umevaa hedifoni mpaka uvisikie vyote viwili.

Ukiwa na maiki mbili, usikimbilie kuweka moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye kibuyu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Maiki moja ikiwa mbali zaidi ya mwenzake kwa sentimita 34, sauti ileile inaifikia ikiwa imechelewa kwa elfu moja ya sekunde. Ukizichanganya kwa nguvu sawa, mawimbi ya hezi 500, yaani yanayotetema mara 500 kwa sekunde, yanakutana moja likipanda na jingine likishuka, yanauana, na vivyo hivyo kwenye 1,500 na 2,500. Unachosikia ni ligombo lenye sauti nyembamba, yenye tundu katikati, na utaongeza kila kitu bila kufanikiwa. Dawa ni kusogeza maiki, au kuivuta treki moja kwenye kompyuta hadi mawimbi yalingane, au kutumia maiki moja. Mimi ningetumia moja.

Wimbo wenyewe usiufunge kwenye mlio wa kuhesabu mapigo. Mwimbaji wa nyimbo za zamani huvuta neno anapotaka, na waitikiaji humfuata. Umwambie bibi wa Kilolo aimbe juu ya "tik tik" ya hedifoni, atakuambia, "Mjukuu wangu, huyu anayenigongea ni nani?" na atakuwa na haki. Ukiwa na maiki mbili, rekodi kiongozi na chombo kwa mkupuo mmoja, kila mmoja na maiki yake; ukiwa na moja, rekodi kiongozi kwanza, chombo kimfuate kwenye treki yake. Kisha waitikiaji waje juu yake. Wanaofuata wavae hedifoni za waya zinazofunika masikio. Za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kiitikio chako kizima kitakuwa kinaburuzwa nyuma.

Sasa umebaki na treki zako, na ndipo kumiksi kunapoanza. Chombo cha kwanza ni feda, ile slaidi ya kupandisha na kushusha sauti ya kila treki. Shusha zote hadi chini. Pandisha kiongozi. Pandisha ligombo hadi lisikike bila kumsumbua. Waitikiaji waje mwisho, na hapa fuata duara: wao ni wengi, kwa hiyo wanapopokea lazima wimbo uongezeke ukubwa. Kosa ninalolisikia sana kwenye kava za nyimbo za asili ni kiitikio kilichominywa kiwe chini ya kiongozi muda wote. Kijijini, kundi likipokea, kiongozi anamezwa kwa muda, kisha anachomoza tena. Muache amezwe. Robo tatu ya miksi yako iko kwenye feda, na ukiishia hapo umefanya kazi ya kueleweka.

Ekwalaiza ni kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti: nzito, ya kati au nyembamba. Sababu ya kuitumia ni kwamba sauti mbili zikikaa sehemu moja, iliyo kubwa huificha ndogo. Gitaa, sauti ya mwanaume na mvumo wa kibuyu vyote hurundikana kati ya hezi 200 na 400, na huko ndiko miksi inakochafuka. Kata kila kitu kilicho chini ya hezi 80 kwenye sauti za watu, maana huko kuna vishindo vya miguu na upepo, hakuna maneno. Punguza gitaa kidogo kwenye 300. Maneno ya Kihehe yasipoeleweka, ongeza kiongozi desibeli mbili kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kupunguza kuje kabla ya kuongeza, karibu kila mara.

Kompresa hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Unaiwekea mpaka, tuseme -20, na kiwango cha kubana, tuseme 3 kwa 1. Kila desibeli 3 zinazovuka mpaka zinatoka zikiwa 1. Neno lililofika -8 limevuka kwa 12, basi linatoka likiwa limevuka kwa 4, yaani -16. Inasaidia kwa mwimbaji anayenong'ona hapa na kupaza pale. Lakini ukibana sana unaua ule mpando wa kiitikio tulioutetea kwenye feda. Kwa nyimbo hizi ningeitumia kwa kiongozi tu, na kwa kiasi.

Mwangwi wa kuongeza ni suala la mahali. Programu zina mwangwi wa kanisa kubwa, na vijana wetu waliokulia kwenye kwaya wanaupenda mno. Wimbo wa uwanjani haukuwahi kuwa na mwangwi huo, uwanja hauna kuta. Weka mwangwi mfupi, wa chumba kidogo, na mpe mwitikiaji mwingi kuliko kiongozi: anayeongezewa mwangwi husikika yuko mbali zaidi. Hapo umbali wa duara umerudi.

Kulia na kushoto ni rahisi. Kiongozi katikati, ligombo pembeni kidogo, waitikiaji wagawe pande zote mbili.

Vipi kama waitikiaji wote ni wewe? Hilo ni jambo la kawaida kwa anayerekodi peke yake, na ndipo miksi nyingi za nyumbani zinapojulikana. Ukiimba kiitikio mara sita umesimama palepale, masikio hayasikii watu sita, yanasikia mtu mmoja mnene. Badilisha umbali: treki moja karibu, nyingine hatua mbili nyuma, nyingine umegeukia ukuta. Moja imba nzito, moja ya kizee, moja chelewa kidogo kuingia kama yule jamaa ambaye huwa anakumbuka zamu yake wenzake wakishaanza. Na ukiweza kuita majirani wawili, waite. Treki mbili za majirani zinashinda kumi za kwako.

Kuhusu haki: kwamba wimbo ni wa jadi hakumaanishi hauna mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata sanaa za jadi, kwa hiyo kabla ya kuuza kava ulizia taratibu. Kuandika kwenye maelezo kwamba wimbo ni wa Wahehe na kwamba wewe umeupanga upya tu ni adabu ya chini kabisa.

Kabla ya kuitoa faili, sikiliza miksi kwa spika moja ya simu. Kulia na kushoto vitaunganishwa, na kama kuna treki mbili zinazouana utaona waitikiaji wamepotea. Wakipotea, rudi kwenye zile treki uangalie mawimbi, usipandishe feda. Ukimaliza, usiisukume iwe kubwa kupita kiasi. YouTube na Spotify hupima ukubwa wa wastani wa wimbo na kuushusha ulio juu ya takriban -14 kwa kipimo chao, hivyo wimbo ulioubana ukalie juu utashushwa ulingane na wa jirani yako, ila wako utakuwa umeshapoteza pumzi yake. Na treki ghafi zihifadhi pembeni, kila moja kwa jina la aliyeimba.