Je, wajua kwa nini albamu ya gitaa la jazi iliyorekodiwa jukwaani haisikiki sawa kila inapotolewa upya?

Jalada la toleo jipya huwa halinyamazi: biti 24 (wingi wa tarakimu za kompyuta katika kila kipimo cha sauti), kilohezi 192 (maelfu ya vipimo kwa sekunde), santuri ya gramu 180. Mnunuzi husoma tarakimu hizo akaamini kwamba zikipanda, na gitaa nalo litasikika vizuri zaidi. Kwa rekodi ya klabuni ya miaka ya 1960, tarakimu hizo karibu hazina kazi. Kinachoamua ni kanda ipi imetumika, imenakiliwa mara ngapi hadi kufika hapo, na fundi mitambo ameisukuma sauti hadi wapi.

Tuanze na biti. CD ya kawaida ina biti 16, nazo zinatosha kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kanda ya sumaku ya enzi hizo, kabla mitambo ya Dolby ya kupunguza mvumo haijaingia studio katikati ya miaka ya 1960, ilibeba desibeli 60 hadi 70 hivi. Chini ya hapo ni mvumo wa kanda yenyewe, na biti nane za ziada huuhifadhi mvumo huo kwa uaminifu mkubwa. Zina faida fundi akiwa kazini, maana kila hesabu ya kompyuta huacha kosa dogo na ni heri libaki mbali na muziki, ila faida hiyo haifiki sebuleni. Gramu 180 nazo ni uzito wa plastiki. Mfereji anaopita sindano ni uleule, ingawa santuri nzito haipindi kirahisi.

Dhana nyingine ina mizizi mirefu zaidi: kwamba kurimasta, yaani kuiandaa upya sauti ya rekodi ya zamani ili itolewe tena, ni kuingia ndani ya rekodi, kulipandisha gitaa, kupunguza dramu na kuwanyamazisha waliokuwa wakigonganisha glasi. Hiyo ni kazi tofauti, ya kuchanganya upya, na inahitaji kanda ambayo kila ala ina njia yake. Rekodi nyingi za klabuni za miaka ya 1950 na 1960 ziliingia moja kwa moja kwenye kanda ya njia moja au mbili, fundi akichanganya papo hapo wanamuziki wakipiga. Kilichoingia kimeingia, kama sukari kwenye chai: utaongeza maji, utaongeza majani, lakini sukari huitoi ukairudisha koponi. Anayerimasta hushughulika na kikombe kizima. Akipandisha masafa ya kilohezi 3 hadi 5 ili kidole kisikike kinapogusa uzi, matoazi na glasi hupanda pia, kwa kuwa na vyenyewe vinaishi humohumo.

Hata penye njia nyingi, jukwaa dogo halina siri. Maikrofoni ya dramu iliyo mita mbili kutoka kwenye amplifaya hulisikia gitaa milisekunde 6 hivi baada ya maikrofoni iliyo mbele ya amplifaya. Ukiipandisha ya dramu, sauti hizo mbili hugongana, baadhi ya masafa hufutana, na gitaa hubadilika rangi wakati hujaligusa. Siku hizi zipo programu zinazotenganisha ala, na nyingine hushangaza. Hata hivyo, gitaa na piano zikipiga kwenye eneo moja, mara nyingi hubaki mabaki ya moja ndani ya nyingine.

Turudi kwenye kanda. Nakala moja ya analogia, ikitengenezwa kwenye mashine ya ubora uleule, huongeza mvumo kwa takriban desibeli 3. Kuna jambo baya kuliko mvumo: kampuni zilikuwa na nakala maalumu ya kukatia santuri, ambayo sauti nzito zilipunguzwa na kuletwa katikati ili sindano isiruke, na sauti nyembamba za juu zikalainishwa. Baadhi ya CD za miaka ya 1980 zilitolewa kwenye nakala kama hizo, na watu wakailaumu dijitali kwa dhambi za kanda.

Wakati mwingine hata kanda haikutumika. Mtu alichukua santuri safi, akaipiga, akaondoa mikwaruzo kwa kompyuta. Jambo hili lina alama ya ajabu inayoweza kulifichua. Santuri hugeuka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Mfereji wenye sauti kubwa husukuma kidogo ukuta wa mfereji wa jirani, hivyo noti kali husikika kwa unyonge sana sekunde 1.8 kabla ya kupigwa. Kanda nayo ina mwangwi wake unaotangulia, kwa sababu tabaka moja la utepe huachia sumaku kwa tabaka linalogusana nalo. Huo hubadilika muda kadiri rola ya utepe inavyopungua unene. Basi ukiusikia mwangwi kwenye CD, upime mwanzoni na mwishoni mwa upande wa albamu: ukibaki sekunde 1.8 kote, chanzo ni santuri. Shida ni kwamba albamu ya jukwaani ina ukimya mchache. Tafuta pale makofi yanapokwisha na gitaa linaanza peke yake.

Kusukuma sauti, yaani kuikuza yote iwe kubwa, ndiko kunakoliumiza gitaa la jazi kuliko vyote. Wes Montgomery, mpiga gitaa la jazi wa Marekani aliyepiga kwa kidole gumba, alizoea kuijenga solo kwa ngazi: noti mojamoja, kisha oktavu (noti ileile ya juu na ya chini kwa pamoja), kisha noti nyingi kwa pamoja. Limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani, ikikata vilele ili albamu yote isikike kwa nguvu, ngazi tatu huwa sakafu moja. Sikiliza makofi: yakiwa makubwa sawa na kilele cha solo, huenda rekodi imebanwa (au mtu aliyapandisha kwa mkono, hilo nalo hutokea). Kosa la upande wa pili ni kusafisha mno. Programu ya kuondoa mvumo haijui mvumo unaishia wapi na mkia wa uzi unaofifia unaanzia wapi, hivyo hula vyote viwili. Noti hukatika ghafla na chumba hupotea.

Thamani je? Mara nyingi iko kwenye yaliyomo. Albamu ya klabu ya Half Note ya mwaka 1965, ya Montgomery na mpiga piano Wynton Kelly, ilikuwa na vipande viwili tu vya klabuni. Vitatu vilipigwa Septemba mwaka huohuo katika studio ya fundi mitambo Rudy Van Gelder. Vingine vya klabuni vilitoka 1969, Montgomery akiwa ameshafariki, vikiwa vimepakwa juu yake okestra ambayo haikuwapo usiku ule. Toleo linaloiondoa okestra na kuviweka vipande pamoja lina thamani hata kama sauti haikubadilika. Halikadhalika onyesho lake la Paris la Machi 27, 1965 lilizunguka kwa miaka katika matoleo yasiyo rasmi kabla ya CD rasmi ya 2018 iliyotokana na kanda za redio ya Ufaransa.

Kuwa macho na mwaka 1962. Umoja wa Ulaya ulipoongeza ulinzi wa hakimiliki ya rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, haukuzirudisha zilizokwisha kutoka kwenye ulinzi. Rekodi zilizochapishwa hadi 1962 zilibaki huru huko, na albamu ya Montgomery iliyorekodiwa klabu ya Tsubo, Berkeley, Juni 25, 1962 imo. Yeyote Ulaya anaweza kuchukua CD ya mwenzake akachapa santuri ya gramu 180 bila kuiona kanda mama. Jalada lisilotaja kanda wala fundi lishuku.

Ukilinganisha matoleo mawili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwa sababu desibeli moja ya ziada hutosha kulifanya lolote lionekane bora. Yaingize kwenye programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde 30 zilezile, pima wastani, shusha lililo kubwa. Kisha yaanzishe kwenye noti moja na uyaache yacheze. Yakiachana sekunde 3 baada ya dakika 5, mwendo unatofautiana kwa asilimia 1, yaani gitaa limepanda au kushuka kwa kama sehemu ya sita ya nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano). Lipi liko sahihi? Tafuta mngurumo wa umeme wa amplifaya: rekodi ya Marekani huuonyesha kwenye hezi 60, au 120 ambako huonekana vizuri zaidi, na ya Ufaransa kwenye 50 au 100. Ukikuta mingurumo miwili iliyokaribiana, mmoja huenda ni wa mashine iliyonakilia, na huo haukuambii kitu kuhusu usiku wa onyesho.