Meno ya bandia hayachemshwi
Wazee wengi hapa Moshi huamini kwamba meno ya bandia, kama chupa ya mtoto, hutakata yakichemshwa, na wengine huyasugua kwa dawa ya meno ili yang'ae. Yote mawili huyaharibu. Fizi zake kwa kawaida ni plastiki ya akriliki, ambayo katika maji yanayotokota hupinda, hata bibi akiyavaa yakawa yanacheza mdomoni, nyama choma ikamshinda, akabaki na mtori (ambao, kwa kweli, si adhabu). Dawa ya meno nayo huacha mikwaruzo midogo ambamo fangasi hujificha. Tumia brashi laini na sabuni ya maji isiyo kali, juu ya beseni lenye maji, yasivunjike yakiponyoka. Usiku yavuliwe na kulowekwa katika maji ya kawaida, kwani yakikauka pia hupinda.